Theluji ya Machicha

Chupa ya jemu ukiipindua, mfuniko ndio unakuwa sakafu. Shika hilo, maana kesi yote ya wifi yangu imelalia hapo.

Kazi yangu ni mapambo ya sherehe, kwa hiyo Krismasi ikikaribia majirani wa hapa Tabata hunijazia baraza, kila mmoja na chupa zake tupu. Jioni ile tulitengeneza chupa za theluji, zile unazotikisa, vipande vyeupe vikashuka taratibu juu ya Mtoto Yesu. Theluji, na huku tunajipepea kwa mifuniko ya ndoo.

Chupa nzuri ni ya mililita 300 hivi, yenye mfuniko wa bati wa kufunga kwa kuzungusha na utepe laini wa mpira ndani. Iloweke nusu saa kwenye maji ya moto yenye sabuni mpaka lebo ing'oke. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kula, subiri dakika kumi, sugua. Kisha nusa mfuniko, maana ule mpira hausahau. Shoga yangu alileta chupa ya achari ya embe, akasema ameiosha "mpaka imelia". Imelia kweli, lakini Mariamu na Yosefu wake hadi leo wananukia haradali na vitunguu saumu.

Sanamu za plastiki nilikwisha kuzibandika ndani ya mifuniko tangu jana yake. Tumia gundi ya mirija miwili, uichanganye sawa kwa sawa, uiache saa 24. Supaglu inashika upesi, ila maji huidhoofisha, na siku moja utamkuta mchungaji anaelea miguu juu.

Halafu maji: yachemshe, yapoe. Kwa chupa hiyo weka vijiko viwili vya chai vya glisirini ya duka la dawa, ili theluji isianguke kama mchanga wa tipa. Ukizidisha, gilita, yaani vile vipande vya kumetameta, inaganda chini kama tope. Ongeza tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, la sivyo gilita itang'ang'ania juu ya maji. Jaza mpaka ukingoni, chupa ikiwa ndani ya bakuli, shusha mfuniko, maji ya ziada yamwagike, kaza.

Theluji yenyewe ni gilita nyeupe, au maganda ya mayai: chemsha, menya ule utando wa ndani, kausha, twanga. Utando ukibaki, unaoza. Nililisema hili mara mbili, wifi yangu akiwa bize na simu.

Jirani yangu aliweka chumvi ya mawe. Ikashuka vizuri ajabu, wote tukapiga makofi. Alipoitikisa tena baadaye, chupa ilikuwa kavu ya theluji. "Imeyeyuka," akasema. "Si ndiyo kawaida ya theluji?" Hapo sikuwa na jibu.

Ili kuwapa moyo nikawasimulia habari za Erwin Perzy, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Vienna, ambaye mnamo mwaka 1900 alikuwa akitafuta namna ya kuongeza mwanga wa taa. Akatia semolina kwenye tufe la kioo lenye maji, ikashuka kama theluji, biashara ikaanzia hapo. Wifi aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Semolina si chakula?" Nikasema ni chakula. Akainuka kwenda jikoni, kwenye nazi ya wali wangu, tui la kwanza, la pili na la tatu likiwa limeshakamuliwa.

Machicha, jamani, ni mazuri. Kwanza yalielea, yakanywa maji, yakaanza kushuka polepole, meupe pee. Chupa zetu zote zikaonekana za kimaskini. Akakaza mfuniko kwa nguvu za kufunga mtungi wa gesi, akampelekea mama mkwe.

Krismasi ikaikuta chupa ile katikati ya meza, kando ya pilau, pembeni mwa mzee wa kanisa aliyealikwa kuombea chakula. Kwa joto la Dar machicha yalikuwa yameshachacha. Vipovu vikayashika, theluji ikawa inapanda badala ya kushuka. Sasa, gesi hukimbilia juu, na juu ya chupa iliyopinduliwa ni kioo kitupu, haina pa kutokea. Ikabaki kuyasukuma maji chini, yakapita kwenye mpira wa mfuniko, yakatambaa kwenye kitambaa cha meza hadi kwenye kiwiko cha mzee wa kanisa, katikati ya sala.

Akafungua jicho moja. Akanusa mkono wa shati.

"Mama," akamwambia mama mkwe kwa upole, "nani kaleta mnazi?"

"Si mnazi, baba," wifi akadakia. "Ni theluji."

Mzee akafunga jicho, akaanza sala upya.