Kitara Hakisomwi kwa Mpini

Kila ninapopitia minada ya silaha za kale nakuta kitara kilichopinda, mpini wa pembe za ndovu, kimeandikwa "cha Kituruki", basi. Linaniudhi sana hilo, maana mara nyingi kimefuliwa Uingereza au Solingen, Ujerumani, na jina hilo linakipokonya historia yake.

Napoleon alipoingia Misri mwaka 1798, maofisa wake walipambana na wapanda farasi wa Kimamluki, tabaka la askari lililoshika madaraka Misri wakati huo, na vitara vya wapinzani hao vikawaingia moyoni. Wafaransa wakaviiga, Waingereza nao. Kufikia 1831 majenerali wa Uingereza walikuwa na kitara rasmi cha mtindo huo, na hata leo hukivaa kwenye gwaride.

Kwa hiyo mpini nauacha mwisho, naanza na bapa. Kilij ya Waturuki kwa kawaida hupanuka karibu na ncha, na hapo hunolewa pande zote mbili. Shamshiri ya Waajemi haina upana huo: ni nyembamba, imepinda sana, inachongoka polepole hadi nchani. Chuma chake bora kina mawimbi kama ya maji, Waajemi huyaita jauhar. Ndiyo johari yetu hiyo hiyo. Mawimbi hayo yamo ndani ya chuma chenyewe: yakisuguliwa yakafifia, tindikali huyarudisha. Ulaya mara nyingi waliyachora juu juu tu, na hayo yakifutika yamekwenda.

Halafu soma maandishi. Hapa aliyepita chuoni na juzuu yake mkononi anawashinda wauzaji wengi. Bapa la Uajemi litakupa aya, dua au jina la fundi, japo jina la Assadullah wa Isfahan lilighushiwa mno kwa sababu liliuza. Kwenye baadhi ya mabapa ya Ulaya utaona mikunjo na nukta za kupendeza, wala hakuna neno. Ukikuta taji na herufi VR, huyo ni Malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

Vinavyonisumbua, na ninavyovipenda kuliko vyote, ni vile vya mchanganyiko. Wako maofisa wa Kiingereza waliotia bapa halisi la Kiajemi kwenye mpini wa kwao, na Oman zipo panga zenye mpini wa Kiarabu na bapa la Kijerumani. Hizo ningeziandikia asili zote mbili, bapa kwanza.