Mzee Alishakufa, Mnamrudisha wa Nini?

Naomba nianze na lile la kiti. Sikupanda juu ya kiti. Shemeji yangu ameshawaambia watu wote, mpaka fundi wangu wa pikipiki kanipigia kuuliza, kwamba nilipanda juu ya kiti katikati ya msiba wa babu yao nikatoa hotuba. Uongo. Nilikuwa nimeketi. Nilisimama kidogo pale mwishoni, kwa uchungu wa hoja, na kiti kikanyanyuka pamoja nami kwa sababu vile viti vya plastiki vya kukodi vinawabana watu wa umbo langu. Hayo mengine yote aliyosema ni kweli.

Naandika nikiwa ndani ya Coaster, kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi. Tumeiacha Singida saa hivi. Gari lenye jeneza liko mbele yetu, Bukoba bado mbali, na mke wangu amekaa viti viwili mbele yangu, hajanisemesha tangu juzi. Chaji iko asilimia 31, kwa hiyo nisikilizeni haraka haraka.

Ugomvi wangu na Shemeji juu ya Star Wars, zile filamu za vita vya anga za mbali, mnaujua. Wageni hapa nawapa kwa ufupi: Disney waliinunua Lucasfilm, kampuni inayozitengeneza, mwaka 2012 kwa dola bilioni 4 na ushee (mke wangu nimemwimbia bei hiyo mpaka anaiota), wakatoa filamu tatu za kuendeleza hadithi, ya saba 2015, ya nane 2017, ya tisa 2019. Mimi ni mtu wa ya nane. Shemeji ni mtu wa ya tisa. Hatujawahi kugombana kuhusu mahari, hatujawahi kugombana kuhusu Simba na Yanga, lakini kwa hili tulishawahi kushushwa kwenye daladala.

Msimamo wangu ni huu. Zile filamu tatu ni nyumba iliyojengwa na mafundi wawili, yaani waongozaji wawili, bila ramani. J.J. Abrams akapiga msingi. Akaja Rian Johnson, akavunja ukuta wa sebuleni, nyumba ikapata hewa. Abrams akarudishwa kumalizia, na kazi ya kwanza aliyofanya ni kuurudishia ukuta. Johnson alituambia yule binti Rey hana ukoo wowote wa maana, wazazi wake walikuwa watu hivi hivi tu, na bado Nguvu, ile ya kimiujiza inayowapa mashujaa uwezo, imemkubali. Nilipenda sana hilo, mimi mtoto wa Kisarawe nisiye na mjomba serikalini. Miaka miwili baadaye tunaambiwa hapana, binti ni mjukuu wa Palpatine, mfalme mwovu kuliko wote. Yaani hata kwenye anga za mbali bila kumjua mtu hutoboi!

Shemeji naye anasema Johnson alimdhalilisha Luke Skywalker, shujaa wa filamu za mwanzo. Mashujaa wetu, anasema, hawachukui upanga wa mwanga wakautupa nyuma ya bega kama ganda la ndizi, wala hawakai kisiwani wakamkamua mnyama maziwa ya kijani. Na hapo, kusema kweli, yale maziwa sikuyapenda hata mimi. Ila simwambii.

Tukubaliane jambo moja tu, la dada yetu Lupita Nyong'o. Yumo kwenye zote tatu, wamemfanya kibibi kidogo chenye miwani mikubwa, na anapoulizwa upanga wa Luke kaupata wapi anajibu hilo ni swali zuri, la siku nyingine. Siku hiyo haijafika mpaka leo. Hapo mimi na Shemeji tunalia pamoja.

Basi. Babu yao amefariki, mzee wa miaka mingi, mtu mwema sana kwangu. Msiba uko Kimara. Siku ya pili ukoo ukajifungia sebuleni kwa kikao, na hoja ilikuwa moja: azikwe Dar, au arudishwe Bukoba akalale migombani kwake, kando ya bibi? Baba Mkubwa anataka arudishwe. Shangazi, ambaye ndiye mshika mfuko, anasema gharama haibebeki. Mimi mkwe, halafu kwetu Kisarawe ukifa asubuhi jioni umeshafunikwa, nikajua kabisa hili si langu. Nikatoka nje nikakaa chini ya turubai kimya, mwenye adabu zangu. Nilipanga kukaa hivyo mpaka mwisho.

Shemeji akavuta kiti.

Akasema, kwa sauti ya upole ya mtu aliyefiwa, kwamba usiku wa kuamkia jana alikosa usingizi akaitazama ya tisa tena, na kwamba kurudi kwa Palpatine kulimfariji.

Nyie! Mtu amefiwa, unamjibu nini? Mtu mwenye akili anasema pole. Mimi nikasema, "Kukufariji vipi, Shem?"

Sasa muelewe mazingira. Spika mbili kubwa, kwaya inapigwa kwa sauti ya kufukuza popo. Ili Shemeji anisikie ilibidi nimpigie kelele sikioni, naye hivyo hivyo. Mwanzoni tulijadili taratibu. Nikamkumbusha kwamba yule mzee alitupwa shimoni na Darth Vader, msaidizi wake mwenyewe, kwenye filamu ya 1983, tukamwona anavyodondoka. Nikamkumbusha kwamba tangazo la kurudi kwake halikuwekwa hata ndani ya filamu, lilirushwa kwenye mchezo wa video wa Fortnite, sawa na kupata habari ya ndugu yako kutoka spika ya baa ya mtaa wa pili. Shemeji akawa anatikisa kichwa. Nami nikazidi kupandisha.

Nilikuwa nimeupa mgongo mlango wa nyumba. Yeye alikuwa anautazama. Hilo likumbukeni.

Ghafla uso wa Shemeji ukabadilika. Mdomo ukabaki wazi, macho yakanitoka mimi yakaenda juu ya bega langu, yakarudi, yakaenda tena. Akaanza kutikisa kidole gumba kidogo kidogo pale kwenye goti. Leo najua alikuwa ananionya. Wakati ule, ndugu zangu, nikaona mtu aliyeishiwa hoja. Miaka mitano namngoja afike hapo! Nikajaza mapafu.

Nyuma yangu, Baba Mkubwa alikuwa ametoka mlangoni na ukoo mzima nyuma yake, kutangaza walichoamua. Akainua mkono. Kijana wa spika akazima kwaya.

Waliotazama ya nane wanakijua kile kipande ambacho yule mama mwenye nywele za zambarau anaigeuza meli yake na kuipenyeza katikati ya meli za adui kwa mwendo wa mwanga, na sauti yote inakatika kwa sekunde kama 10. Marekani kuna ukumbi uliobandika tangazo kwamba mitambo yao haijaharibika, ukimya ni wa makusudi. Mimi sikubandikiwa chochote. Mimi ndiyo nilikuwa ile meli.

"MZEE ALISHAKUFA!" Sauti yangu, peke yake, Kimara nzima. "Alishakufa, tumemwona anatupwa shimoni, yamekwisha! Leo mnataka KUMRUDISHA! Kumrudisha wa nini? Mmeishiwa mawazo, mnatafuta hela tu!"

Hapo ndipo niliposimama, na kiti nacho.

Ubongo ulikuwa umeshasikia kwamba kwaya haipo. Naapa ulisikia. Lakini mdomo ulikuwa na sentensi moja tayari kwenye foleni, na ilikuwa ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote.

"Na huyu binti naye! Jana hana kwao, leo mnatuambia eti MJUKUU wake! Mjukuu wa wapi? Katelekezwa tu huyo!"

Nikageuka ili kumwonyesha kwa mkono yeyote atakayeniunga mkono. Mkono ukaishia kwa mke wangu. Amesimama na sinia la chai ya rangi, vikombe vinane, na yeye ndiye mjukuu wa kwanza wa marehemu.

Niliona kila kitu. Mzee mmoja kwenye meza ya karata alikuwa ameinua karata ya kupiga, ikabaki hewani, shupaza ya saba. Aliyekuwa anaandika daftari la rambirambi kalamu yake ilikuwa kwenye jina langu, nikamwona anaitazama ile elfu thelathini yangu kama anajiuliza airudishe. Kikombe kimoja juu ya sinia kikaanza kutetemeka, ti-ti-ti-ti. Mtoto akauliza, "Mama, nani kamtupa babu shimoni?" Hakuna aliyemjibu. Nikajaribu kukaa, lakini kiti nilikuwa nimekiinamisha, miguu ya nyuma ikatangulia, nikabaki nimechuchumaa mbele ya wakwe zangu kama mtu anayetafuta choo porini.

"Samahani," nikasema. "Namsema Palpatine."

"Nani?" akauliza Baba Mkubwa.

"Palpatine, Baba. Mfalme. Wa kwenye sinema."

Bibi mmoja aliyekaa mkekani akamgeukia mwenzake. "Kamwita kaka yangu nani?"

Nikamtazama Shemeji anisaidie. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa, ameziba uso kwa leso, mabega yanapanda na kushuka, na kina mama watatu wakamkimbilia kumbembeleza wakidhani analia! Mtu akamletea maji. Akayanywa.

Kingeishia hapo ningepona. Lakini kumbe kikao kilikuwa kimeamua mzee arudishwe, tena kwa shida, na Shangazi alitoka pale mlangoni amenuna. Sasa akanyoosha kidole. "Mmesikia? Mmesikia? Hata mkwe, mtu wa kuja, ameona! Mtoto wa watu ametusemea!" Wadogo zake wawili wakaitikia. Baba Mkubwa akasema sisi wakwe hatujui mila. Wakarudi ndani wote, wakakaa saa mbili na nusu zaidi kwa sababu yangu, na mara nne nilisikia kupitia dirishani mtu akisema "kama alivyosema mkwe." Mwisho ikaamuliwa vilevile arudishwe, nyongeza ya pesa ikachangwa, nikatoa laki mbili bila kuombwa, nikamwomba radhi kila mwenye mvi, na adhabu yangu ikawa kusindikiza mpaka migombani na kushika sururu. Mambo ya mke wangu siyaandiki hapa.

Adhabu ya kweli lakini ni huyu niliyekaa naye. Babu Mdogo, mdogo wake marehemu, alikuja Dar kumchukua kaka yake. Kwa utani wa kibabu mke wangu ni mke wake, kwa hiyo mimi ananiita mume mwenzangu. Tangu Chalinze anataka nimsimulie huyo mzee wa shimoni ni nani. Nimesimulia. Nimeanzia mwanzo, kwa sababu alisema hapendi hadithi inayoanzia katikati. Morogoro Luke alikuwa bado kijana. Dodoma tumekula, Vader akawa baba yake, Babu akacheka mpaka akakohoa, akasema alijua.

Shemeji akajipenyeza kutoka kiti cha mbele na lile dai lake la siku zote kwamba Nien Nunb, yule rubani mwenye mashavu kama mapochi, anaongea Kihaya. Wamehangaika nalo watu miaka mingi. Nikamwambia sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, na Wakenya walipoisikia ukumbini walikitambua Kikuyu chao. Akakataa. Nikampa Babu simu asikilize mwenyewe. Akaibana sikioni, akafumba macho, akarudia mara tatu.

"Hiki si Kihaya," akasema. "Na huyu bwana atoe kwanza kilichomo mdomoni."

Moja bila.

Tulipofika Manyoni nilikuwa namaliza ya nane. Babu hakusema kitu kuhusu upanga kutupwa nyuma, aliuliza tu kama yale maziwa yalichemshwa. Kisha nikaingia ya tisa, nikafika pale.

"Akarudi," nikasema.

"Yule wa shimoni?"

"Yule yule."

"Alirudije?"

Hapa ndipo nilipopata tabu, wadau, kwa sababu filamu yenyewe haisemi. Kuna rubani anatoa taarifa kwa wenzake kwamba kwa namna fulani Palpatine amerudi, na mambo yanaendelea.

"Kwa namna fulani, Babu."

Babu akanitazama. Akatazama mbele, kwenye lile gari lenye taa zinazowaka na kuzima, kaka yake akiwa ndani. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani amesinzia.

"Kumrudisha mzee si mchezo," akasema. "Kuna jeneza, kuna gari, kuna dereva na mwenzake, kuna chakula cha watu. Gharama alitoa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, viti viwili mbele, bila kugeuka, mke wangu akasema neno lake la kwanza kwangu tangu juzi.

"Mwambie bilioni nne. Za dola."

Babu akapiga mluzi. "Hao," akasema, "wana Shangazi mzuri."