Majimbo Mapya Uganda na Mstari Unaopita Kijijini

Bunge la 10 la Uganda lilianza na majimbo 290 ya kuchaguliwa moja kwa moja. Uchaguzi wa 2021 ulifanyika katika majimbo 353, na ukijumlisha wabunge wanawake wa wilaya na majiji pamoja na makundi maalumu, Bunge likafikia wabunge 529. Kaunti, yaani sehemu ya wilaya ambayo ndiyo msingi wa jimbo, ikigawanywa, wakazi husema mbunge alikuwa mbali mno, nao walipa kodi husema gharama zimezidi. Wote wana hoja, ila uzito wake hubadilika kutoka mahali hadi mahali.

Ibara ya 63 ya Katiba inataka wakazi wa kila jimbo wakaribie wastani wa taifa. Sensa ya 2014 ilihesabu watu milioni 34.6, gawa kwa majimbo 290, unapata kama 119,000. Wilaya ya Wakiso ilikuwa na watu karibu milioni 2 kwa majimbo 8, yaani 250,000 kila moja. Wilaya ya Kalangala ilikuwa na watu 54,000 hivi kwa majimbo 2, Bujumba na Kyamuswa. Katiba inaruhusu tofauti kwa sababu ya usafiri, sura ya nchi na msongamano wa watu. Kalangala ni visiwa 84, na mbunge hawafikii wapigakura wake bila boti, kwa hiyo hapo sina ugomvi. Kinachouma ni Wakiso. Sensa ya 2024 ilikuta zaidi ya watu milioni 3.4 huko kwa majimbo yale yale 8. Mbunge mmoja sasa anabeba zaidi ya watu 420,000.

Gharama nayo si maneno matupu. Mwaka 2021 kila mbunge alipewa shilingi milioni 200 za gari, kabla ya mshahara na posho. Tena wengi hudhani jimbo jipya huja na fedha zake, kumbe milioni 100 za kila mwaka za Parish Development Model, mpango wa serikali wa kupambana na umaskini, hufuata parishi, yaani eneo la utawala lenye vijiji kadhaa ndani ya kaunti ndogo, na kugawa kaunti hakuongezi parishi hata moja. Faida halisi iko kwenye afya: sera inalenga kituo cha ngazi ya nne, chenye daktari na chumba cha upasuaji, kwa kila kaunti au watu 100,000 hivi. Kaunti mpya hupata haki ya kukidai. Kukipata ni safari nyingine.

Matatizo makubwa huanzia kwenye mpaka. Jimbo haliruhusiwi kuvuka kaunti, kwa hiyo mstari hufuata kaunti ndogo na parishi. Gulu ilipopandishwa kuwa jiji mwaka 2020, manispaa iliyokuwa na mbunge mmoja ilizaa Laroo-Pece na Bardege-Layibi, na maeneo ya vijijini yaliyoizunguka yakaingizwa humo. Mabadiliko ya namna hii hayana budi kushuka hadi LC1, yaani baraza la kijiji: kijiji kipi kiko upande upi, kituo cha kupigia kura kiko wapi, jina la nani liko kwenye daftari lipi. Mpaka ukielezwa kwa kijito kinachokauka au njia iliyohamishwa, kijiji hukatwa vipande viwili na watu hufika kituoni wakakosa majina yao.

Wagombea nao hunaswa. Fomu ya mbunge inahitaji shilingi milioni 3 na saini za wapigakura 10 waliosajiliwa ndani ya jimbo. Mdhamini ambaye kijiji chake kimehamishiwa upande wa pili, hata kama nyumba yake haijasogea, anaweza kuangusha uteuzi mzima.

Kwa hiyo naunga mkono mgawanyo pale hesabu ya watu inapoudai, kama Wakiso, na napinga ule unaoanza na jina la mgombea kisha kutafutiwa ramani. Anayeona mpaka umekosewa asiridhike kulalamika kwa mwenyekiti wa LC1. Daftari hubandikwa kwa siku zisizopungua 21, na huo ndio wakati wa kurekebisha jina. Mpaka wenyewe hupingwa kwa maandishi mbele ya Tume ya Uchaguzi. Ikikataa, rufaa huenda kwa baraza la watu 3 walioteuliwa na Jaji Mkuu, kisha Mahakama Kuu, ambayo uamuzi wake ni wa mwisho.