Mato si kosa, tuku ndiyo kosa

Juzi dadangu kanitumia picha ya fomu kwenye simu, fomu ya nasari moja hapa Lamu ambayo sitaitaja, imeandikwa kwa kalamu nyekundu 11/20 na chini yake "matamshi hafifu, aonwe na mtaalamu". Mwenye fomu ni mpwa wangu, miaka 4 na miezi 2, mtoto ambaye akianza kupiga soga barazani pale Mkomani hata wazee wa bao wanasimamisha mchezo. Dadangu alikuwa analia. Nikamwambia hebu nitafutie hayo makosa yenyewe, neno kwa neno, hizo maksi mimi hazinambii kitu.

Ticha ni muungwana, akatupa karatasi yote. Naanza kusoma: macho, kasema mato. Kosa. Njia, kasema ndia. Kosa. Moja, moya. Maji, mai. Mchele, mtele. Njoo, ndoo, na hapo pembeni ticha kaandika "anachanganya na ndoo ya maji". Wallahi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sasa jamani hicho si Kiamu, Kiswahili cha hapa Amu, yaani Lamu? Bibi yake anayeshinda naye kutwa anasema mato, na washairi wa Amu wameandika mato na ndia tangu enzi hizo hata hiyo nasari haijafikiriwa. Tena hiyo t ya mato si t ya tatu, ile ya mato ulimi wagusa meno, ya tatu unarudi nyuma kidogo, na mtoto anazitenga zote mbili bila kufundishwa na mtu. Kalamu nyekundu haikulisikia hilo. Lakini simlaumu sana ticha, si mtu wa huku, na kwingineko mtoto mdogo akisema t mahali pa ch huwa kweli ni utoto wa ulimi. Alifuata alichofundishwa. Shida ni kwamba kabla ya kumsahihisha mtoto hakuna aliyeuliza nyumbani kwao wanasemaje.

(Kulikuwa na sehemu ya pili ya Kiingereza, hiyo nimeitia kapuni. Mtoto kaonyeshwa picha ya mbwa kasema dogi, ya kitanda kasema bedi, kaambiwa anaongeza sauti mwishoni. Ataacha vipi kuongeza na maneno yetu karibu yote yanaishia kwa irabu? Picha nyingine ilikuwa ya theluji. Lamu!)

Haya, hapo nishapanda mori, nataka kumpigia ticha simu nimpe vidonge vyake, ndipo nikaona tatu za mwisho. Kuku: tuku. Gari: dari. Kofia: tofia.

Hizo si Kiamu.

Na hapa ndipo naona sisi wenyewe tuna kesi ya kujibu. Nilipomweleza dadangu habari ya mato na ndia alifurahi, kafuta machozi, "kwa hivyo ni lugha yetu tu, alhamdulillahi", akataka kuifungia fomu kabatini. Aliyemzuia ni bibi, ambaye hata hakuiona hiyo fomu, alisikia tu tukizungumza akasema: "Tuku? Nani hapa Amu asemao tuku?" Basi. Bibi kafanya kwa sentensi moja kazi iliyoshindwa na maswali 20. Ticha aliona makosa 9 yote sawasawa, sisi tukataka kuyafuta yote 9 kwa mkupuo, kumbe 6 ni lugha na 3 ni za mtoto mwenyewe.

Mtoto wa miaka 2 akisema tuku wala usishtuke, k na g kusogezwa mbele zikawa t na d ni jambo la kawaida kwa wadogo, hata baadhi ya wa 3 bado. Ila akigonga 4 kwa kawaida limeshapita. Kuna watafiti walikusanya tafiti za lugha 27 za dunia wakazitoa 2018, wakaona mtoto akifika 5 konsonanti nyingi za lugha yake anazo, na Kiswahili nacho kina utafiti wake wa 2015, watoto 24 wa Dar es Salaam wa miaka 3 mpaka 5. Ni kazi nzuri, lakini watoto 24 wa Dar hawawezi kumsemea mtoto wa hapa Lamu.

Kipimo ninachokipenda mimi ni cha mgeni. Mgeni akisikia nusu ya maneno ya mtoto wa miaka 2, robo tatu kwa wa 3, na karibu yote kwa wa 4, mambo yako sawa. Ila mgeni huyo awe wa Shela ama Matondoni, vijiji vya kisiwa hiki hiki. Ukimleta wa Nyeri atashindwa na bibi pia, sio mtoto peke yake.

Na masikio kwanza, tafadhali. Mpwa wangu mwaka jana sikio lilitoka usaha wiki nzima na sisi tukatia mafuta ya moto tukasahau, kumbe maji yakikaa nyuma ya ngoma ya sikio mtoto anasikia kama mtu aliyezama, na sauti nyembamba kama s na f ndizo za kwanza kupotea. Tukampeleka akapimwa, sikio zima. Jirani naye kashauri akatwe utando chini ya ulimi. Mama, k inatengenezwa na shina la ulimi huko nyuma, ncha haina kazi hapo, utamkata wapi?

Therapisti wa matamshi tulimpata Mombasa, na kutoka hapa mpaka Mombasa ni boti ya Mokowe na basi la kutwa, kwa hivyo tulianza kwa simu. Jambo la kwanza aliloomba ni rekodi ya mtoto akicheza, na rekodi ya bibi akiongea. Nikajua huyu anajua kazi yake. Akasema mtoto asiambiwe "sema kuku" kila saa, aulizwe tu hii nini, na tutafute maneno ambayo akikosea anapata kitu kingine. Babake mvuvi, basi halikuwa tatizo: kaa na taa. Akitaka kaa wa kuchemsha akasema taa, anawekewa samaki taa mbele yake, bapa, na mkia wake. Siku ya kwanza alikasirika. Ya nne akasimama, akafungua kinywa wazi, akavuta hiyo k kutoka kooni kama mtu anayesukutua.

Kofia sasa anaisema. Gari bado dari, na magari yenyewe hapa kisiwani yahesabika hivyo hatuna haraka nalo. Kuku anasema kuku akiwa ametulia, ila jogoo wa jirani akimfukuza uchochoroni bado ni tuku, tena kwa sauti ya juu.