Waraka uliogeuzwa picha

Rafiki yangu asiyeona alinitumia faili la PDF kutoka kazini kwake, kurasa kumi na mbili, akaniomba nimsomee. Kisoma skrini chake, yaani programu inayosoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kompyuta, kilitamka jina la faili, kikanyamaza. Kurasa zote zilikuwa picha. Mtu alichapa waraka kwenye kompyuta, akautoa kwenye karatasi, akaugonga muhuri, akauskani, kisha akautuma. Maandishi yalikuwepo tangu mwanzo, yalipotelea njiani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yalikuwa masharti ya ajira yake, na ilibidi ayasikie kwa kinywa changu.

Tangu siku ile sikubali tena kuambiwa kwamba kuandaa nyaraka ambazo wasioona wanaweza kuzisoma kunasubiri wataalamu na bajeti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 9, unataja habari na mawasiliano bega kwa bega na majengo na barabara. Kumtumia mtu asiyeona picha ya maandishi ni kumjengea ngazi mtu wa kiti cha magurudumu.

Hata waraka usioskaniwa unaweza kuwa mtihani. Tukitaka kichwa cha habari, tunakuza herufi na kuzikoleza, basi. Jicho linaona kichwa, lakini kisoma skrini kinakuta mstari kama mistari mingine. Ukitumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, msomaji anayetumia NVDA, kisoma skrini cha bure, hubonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Usipoitumia, kurasa 60 atazisikiliza kama anayetafuta wimbo mmoja kwenye kanda ya kaseti.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna kosa letu la ziada: tunaacha mpangilio wa lugha ya waraka ukiwa Kiingereza. Kisoma skrini kinachofuata lugha ya waraka kitayatamka maneno yetu kwa Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Ilhali sauti ya Kiswahili ipo kwenye eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi inayokuja pamoja na NVDA, bila malipo!

Picha nazo zinahitaji maelezo, na “grafu” si maelezo. Sema grafu inaonyesha nini. Maandishi ya kijivu hafifu kwenye karatasi nyeupe yanawatesa wenye uoni hafifu. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yafikiwe na watu wenye ulemavu, unataka utofauti wa mwangaza kati ya herufi na usuli wake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida.

Rafiki yangu aliomba faili la awali, lile la kabla ya muhuri. Lilimfikia baada ya siku mbili. Alilisoma mwenyewe usiku huohuo, akakuta kifungu cha likizo ambacho mimi, katika haraka zangu za kumsomea, nilikiruka.