F-14 zilisagwa kisa Iran, ilikuwa lazima kweli?

Wapenzi wa ndege wengi bado wana kinyongo na Marekani kwa jinsi ilivyozisaga ndege zake za kivita za F-14 Tomcat baada ya jeshi la majini kuzistaafisha Septemba 2006. Wengine wanasema hapakuwa na namna. Mi naona hofu ilikuwa ya kweli kabisa ila dawa ikazidi ugonjwa.

Hofu yenyewe hii hapa. Enzi za Shah, yaani mfalme wake, Iran ilinunua hizi ndege ikapokea 79, hakuna nchi nyingine nje ya Marekani iliyowahi kuzipata, halafu mapinduzi ya 1979 yakaja, urafiki ukaisha na spea zikakatwa. Sasa ndege ya kivita bila spea ni chuma tu, kwa hiyo kila vali na kila kipande cha rada kilichobaki Marekani kikawa lulu kwa Tehran, na mbaya zaidi wakaguzi wa serikali wakaja kukuta jeshi lenyewe limewauzia raia spea za F-14! Hapo hata mimi ningeshtuka. Mwaka 2008 ikawa sheria, marufuku kuuza spea hizo.

Lakini kinachoniuma ni pale kambi ya jeshi la anga ya Davis-Monthan, Tucson, Arizona. Jangwa kavu, ardhi ngumu, ndege inapaki miaka na miaka bila kuota kutu, yaani ni mahali palipochaguliwa kwa ajili ya kutunza, na ndipo Tomcat zikapelekwa kwenye mashine za kusaga.

Najua nitaambiwa zipo makumbusho, mfano juu ya USS Midway, ile meli ya kubeba ndege iliyogeuzwa makumbusho kule San Diego. Zipo ndio, ila ni maganda, vya ndani vimetolewa, na kati ya 712 zilizoundwa hakuna hata moja inayoruka Marekani leo. Simaanishi wangewaachia watu binafsi ndege nzima, hapana, 2007 tu maafisa walikamata F-14 nne California kwa kuwa hazikuvuliwa vifaa vya kijeshi ipasavyo. Ila moja nzima, ndani ya kambi, chini ya ulinzi wa jeshi lenyewe, ingemsaidia nini Iran?

Maana raha ya Tomcat ni yale mabawa yanayojisogeza nyuma yenyewe spidi ikipanda, na mafundi waliozihudumia melini sasa ni wazee, wakitaka kuwaonyesha wajukuu mabawa yanavyotembea hawana pa kuwapeleka.