Cheti cha mdogo wangu na marehemu wa Scarborough

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ni mlinzi katika kampuni moja Dar es Salaam. Wiki iliyopita alinitumia picha ya cheti. Cheti kizuri kweli: karatasi nene, nembo ya dhahabu, sahihi tatu, na katikati maneno "Mafunzo ya Usalama, Ulinzi na Maadili". Amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto mchanga. Nikampongeza kwanza, maana ndiyo adabu. Kisha nikamuuliza, siku tatu zote hizo mlifundishwa nini?

Akanijibu kwa sauti, kuandika kunamchosha. Siku ya kwanza mgeni rasmi alichelewa, kwa hiyo walianza saa tano. Ikafuata chai, hotuba, picha ya pamoja. Siku ya pili mada ilikuwa uadilifu: usipokee rushwa, usilale lindoni, mheshimu mteja. Siku ya tatu vyeti na nauli. "Kaka, yalikuwa mazuri sana," akasema, na najua hakuwa anadanganya.

Nikamuuliza jambo moja zaidi. Mlitajiwa jina la mtu yeyote aliyefia mikononi mwa mlinzi? Akanyamaza kidogo, akacheka, akadhani natania. Simlaumu. Mimi mwenyewe ningeulizwa hivyo kabla sijaondoka nyumbani, ningesema huyu muulizaji amekunywa.

Naishi Scarborough, mashariki mwa Toronto, na nakula mkate wa ulinzi huo huo. Jengo la ghorofa 22, dawati moja, kamera nyingi, usiku kucha. Watu wa nyumbani wakisikia fulani yuko Kanada wanaona dola zinaanguka pamoja na theluji. Hawamwoni mzee wa miaka hamsini na ushee anayewafungulia mlango watoto waliosahau funguo saa nane za usiku. Korokoroni ni korokoroni, awe na kirungu Buguruni au redio ya mkononi Scarborough. Tofauti ya mshahara ipo, na ya bima ya matibabu ipo, hilo sibishi. Mimi nimekuja kuongelea darasa.

Hapa jimboni Ontario hulindi hata mlango wa duka bila leseni. Sheria yake ni ya mwaka 2005. Unakaa darasani saa 40, huduma ya kwanza ikiwa ndani yake, kisha unafanya mtihani wa kuchagua majibu. Mimi nilikwenda kwa dharau. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria, kambi ya Makutupora, mwaka 1989; nimekimbia mchakamchaka alfajiri, nimerushwa kichurachura mpaka magoti yakagoma. Leo nikafundishwe ulinzi kwa slaidi? Nusu siku ya kwanza ilinizidishia dharau: namna ya kuandika ripoti. Watu hawa hata paka akikatiza maegesho wanataka saa na dakika. (Siku hizi mimi ndiye ninayewagombeza vijana wa zamu ya mchana kwa kuandika "hali shwari" na kuishia hapo. Tuyaache.)

Baada ya chakula cha mchana mkufunzi, mama wa makamo aliyewahi kuwa askari magereza, alizima mashine yake akakaa juu ya meza. Akasema: mwaka 1999, hapa hapa Scarborough, mtu aliyeitwa Patrick Shand alishukiwa kuiba dukani. Wafanyakazi wa duka na walinzi wakamkamata nje, wakamlaza chini, wakamkandamiza. Pumzi ikakata. Mwaka 2004 kifo chake kikachunguzwa hadharani mbele ya baraza la raia, na baraza likataka walinzi wote wafundishwe na wapewe leseni. Mwaka uliofuata sheria ikapitishwa. "Nyinyi mmekaa kwenye viti hivi kwa sababu yake," akasema.

Halafu akatuambia tulale kifudifudi sakafuni, mikono mgongoni, mmoja mmoja, mwenzako akuwekee kiganja tu katikati ya mabega. Kiganja, wala si goti. Mimi na kitambi changu nilihesabu mpaka ishirini nikaanza kutafuta hewa. Nilipoinuka sikuwa na dharau tena. Akatuonyesha jinsi ya kumgeuza mtu ubavu au kumkalisha mara tu anapodhibitiwa, jinsi ya kumsemesha ili usikie kama sauti inapungua, na kwamba anayesema "siwezi kupumua" anaweza kuwa anasema kweli hata kama anatukana. Mwisho akatukata makali: leseni haikupi mamlaka ya polisi. Ukimkamata mtu unamkamata kama raia yeyote, na unatakiwa umkabidhi polisi bila kuchelewa.

Nimeshahudhuria kozi nyingi fupi tangu wakati huo, za moto, za watu wenye matatizo ya akili, za ugaidi. Nyingi nimezisahau. Ile saa moja na nusu sijaisahau, na nikijiuliza kwa nini, narudi pale pale: ilikuwa na maiti yake. Tulijua ni nani, alifia mtaa gani, na nani walikuwa juu ya mgongo wake: watu wa kazi kama yetu.

Kwenye jeshi mambo ni hayo hayo, ila makubwa zaidi. Habari hii sikuipata darasani. Nilipewa na mzee mmoja wa Kisomali wa ghorofa ya saba, Mswahili kuliko mimi kwa jinsi alivyoishi Mombasa, ambaye usingizi ukimkataa hushuka kukaa nami saa tisa usiku. Machi 1993 jeshi la Kanada lilikuwa Beledweyne, Somalia, kwa kazi ya kusaidia wenye njaa. Wanajeshi wa kikosi cha miavuli walimkamata kijana wa miaka 16, Shidane Arone, karibu na kambi yao, wakamtesa usiku ule mpaka akafa. Walipiga picha naye wakati wanamtesa, wakiwa wanatabasamu. Picha zilipofika kwenye magazeti ya Kanada nchi hii ilitikisika. Mwaka 1995 kikosi chote kikavunjwa. Tume ikaundwa, ikatoa ripoti 1997, na ndipo jeshi lao likaanza mpango wa kufundisha maadili kwa kila cheo, likataka na maofisa wawe na shahada.

Mzee hataki niimalizie hadithi kwa kuwapigia makofi, na ana haki. Serikali ya hapa iliikatisha tume ile kabla haijawafikia vizuri wakubwa. "Waliuliza wadogo, walipopanda ngazi wakaambiwa muda umekwisha," huniambia. Na kozi zote zile za maadili hazikuzuia aibu nyingine: mwaka 2015 jaji mstaafu Marie Deschamps aliandika kwamba unyanyasaji wa kingono umeota mizizi jeshini, na mwaka 2022 Louise Arbour, naye jaji mstaafu wa mahakama ya juu kabisa ya nchi, akarudi kuandika ripoti juu ya jambo lile lile. Kwa hiyo sisemi Ulaya na Amerika wana dawa. Nasema wana mazoea ya kuweka jina la aliyekufa mezani, na mazoea hayo yamewagharimu.

Sasa nyumbani. Kwanza niseme kwamba kozi hatujakosa. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kiko Kunduchi. Wakenya wana kituo cha walinda amani Karen, Wanyarwanda wana chuo chao Musanze. Mikataba ya Geneva ya 1949 yenyewe inazibana nchi zilizoridhia ziwafundishe askari wake, kwa hiyo somo la sheria za vita linafundishwa. Anayesema sisi hatukusoma, hajakutana na ofisa aliyetoka chuo cha jeshi cha Monduli akibishana.

Na zaidi ya hapo, sisi tuliwatangulia Wakanada. Kule Makutupora afande wa siasa, ambaye tulimwogopa kuliko wa gwaride, alitusimulia maasi ya Januari 1964 bila kupepesa. Askari wa Tanganyika Rifles waligoma kwa ajili ya mishahara na kwa sababu maofisa walikuwa bado Waingereza. Mji ukaporwa, watu wakafa, na Mwalimu akalazimika kuwaita hao hao Waingereza waje kuwanyang'anya silaha. Jeshi zima likavunjwa. Tarehe 1 Septemba mwaka ule likazaliwa Jeshi la Wananchi, na jina lile lilikuwa somo tosha: ukisahau wewe ni wa nani, kumbuka unavyoitwa. Kanada walivunja kikosi kimoja wakaitwa majasiri. Sisi tulivunja jeshi lote miaka 31 kabla yao, na kuruta wa miaka 19 alisimuliwa aibu ile darasani, mchana kweupe, na afande mwenye sare. Somo lile lilikuwa na siasa za chama ndani yake, najua, lakini lilianza na kosa letu wenyewe.

Hiyo ndiyo nidhamu tuliyoiacha njiani. Chukua Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013. Wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori walipelekwa kuwasaka majangili wa tembo, na yaliyotokea vijijini mpaka leo yanasimuliwa kwa sauti ya chini: watu kuteswa, wanawake kudhalilishwa, mifugo kuuawa, watu kufa. Kamati ya Bunge ilichunguza, taarifa ikasomwa Dodoma mwezi Desemba, na mawaziri wanne wakang'olewa siku moja. Nilikuwa huku, nikakesha nikifuatilia kwenye simu. Mawaziri wale wanne naweza kukutajia sasa hivi kwa majina na wizara zao. Waliokufa? Hata mmoja sina. Tuliifanya habari ya viti.

Au Septemba 2012, Nyololo, Mufindi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, aliuawa kwa bomu la machozi akiwa amezungukwa na polisi, na picha zilisambaa nchi nzima. Askari mmoja alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia, mwaka 2016. Mmoja! Picha zile zina askari wangapi? Wale wengine waliosimama wakitazama ndio hasa wanafunzi wa kozi ya maadili, maana askari wengi maishani mwao hawatamuua mtu. Watakuwa wamesimama pembeni mwenzao anapoua. Ningekuwa mkufunzi ningeining'iniza picha ile ukutani asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, nikauliza: wewe ungekuwa huyu wa tatu kutoka kushoto, ungefanya nini, na ungemwambiaje mkubwa wako? Februari 2018 Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, alipigwa risasi akiwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi wakitawanya maandamano. Mdogo wangu anamjua Akwilina. Nchi nzima inamjua. Ndani ya ukumbi wenye cheti chenye nembo ya dhahabu hakutajwa.

Na ya Juni 2023 je? Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha nyumbani kikosi chetu cha wanajeshi 60 kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, baada ya tuhuma za kingono zilizowagusa 11 kati yao. Walinda amani hawapandi ndege bila kufundishwa, na somo la kutowagusa wanawake wa pale wanakokwenda limo kwenye mafunzo yao. Somo lilikuwepo, basi. Lakini somo lisemalo "ni marufuku" ni kama tangazo la usikojoe hapa. Unajua lilivyo na mvuto.

Najua nitakayojibiwa, maana nimeshajibiwa kwenye kundi letu la familia: wewe umekaa huko unakula baridi, unatudhalilishia majeshi yetu. Mjomba, aliyepigana vita ya Kagera, alikuwa wa kwanza. Nilimjibu kwa heshima zote kwamba yeye ndiye aliyewahi kutuhadithia, akiwa amevua kofia, kitu alichokiona Uganda ambacho hakupaswa kukiona, na kwamba siku ile alitufundisha zaidi ya gwaride lote la Uhuru. Hakujibu. Baadaye shangazi akanitumia ujumbe wa faragha: "Umemgusa, lakini si kwa ubaya."

Lipo jingine ninalolikubali. Mlinzi anayesimama lindoni kwa muda wa saa kumi na mbili kwa mshahara usiofika tarehe ishirini, hana bima wala buti za mvua, ukimpa mhadhara wa maadili unamtania. Mimi nilijifunza kumgeuza mtu ubavu nikiwa nimeshiba.

Jana mdogo wangu alinipigia, mara hii kwa picha, yuko nyuma ya kibanda cha lindo anavaa mkanda. Akasalimia, "Shikamoo kaka," akauliza hali ya wapwa zake, akazunguka weee, ndipo akafika. Huyo mtu wa kwenu Scarborough uliyenisimulia, walimlaza kifudifudi? Nikasema ndiyo. Akasema mwaka jana pale kwenye ghala walimkamata kibaka, wakamfunga mikono nyuma, wakamlaza hivyo hivyo na mmoja akamkalia wakisubiri polisi, na polisi walichelewa. "Alikuwa anakoroma," akasema. "Tukajua amelala."

Sikumuuliza iliishaje, niliona usoni. Nikamwambia aweke simu juu ya dirisha, amwite mwenzake wa zamu alale chini, nikaanza kumwelekeza: goti toa mgongoni, mshike bega, mgeuze ubavu, sasa mkalishe, msemeshe. Walirudia mara nne huku wakicheka, na ya tano hawakucheka. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni kasoro, geti linataka kufunguliwa. Huku ilikuwa saa tano asubuhi kasoro, na mimi nilikuwa bado sijavua viatu vya usiku.